Tuwalishe bata mwitu wa kwari, au tuwaache?

Nyuma ya mtaa wetu, upande wa mashariki wa Nairobi, kuna kwari ya zamani. Wachimba mawe walipomaliza kazi waliondoka, mvua ikaijaza, matete yakaota kandokando, na bata mwitu wakahamia. Wengi ni wale wa mdomo wa njano wenye doa jeusi katikati, ambao huwakosi penye maji katika nyanda za juu za Kenya. Mara mojamoja hutua pia bata bukini wa Misri, wawili wawili, kwa kelele zinazoamsha mbwa wa mtaa mzima.

Tangu bata hao wazoee watu, majirani hawaelewani. Mzee mmoja mstaafu huteremka kila asubuhi na mkebe wa mahindi, na watoto humfuata wakiwa na vipande vya mkate na chapati za jana. Mama mmoja ambaye ua wake unapakana na kwari, naye anafuga kuku wa kienyeji, amemwomba aache. Anahofia kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, na mafua ya ndege. "Mama," mzee alimjibu nikisikia, "hawa tumewamalizia mabwawa yao. Gorogoro moja ya mahindi kwa wiki ndiyo tunyimane?"

Hoja ya mzee ina uzito, na sitaki ipuuzwe. Jina Nairobi lenyewe ni la Kimaasai, linatokana na maji baridi. Reli ilipofika mwaka 1899, kituo kilijengwa penye ardhi ya kinamasi, na tangu hapo mji umekuwa ukikausha, ukijaza vifusi na kujenga juu. Hata maji tuliyoyatengeneza wenyewe hatujayatunza. Bwawa la Nairobi, kati ya Langata na Kibera, lilichimbwa mwaka 1953, na zamani watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga pale. Leo limefunikwa na gugu maji na linapokea maji machafu ya mitaa iliyolizunguka. Bata anayetua kwenye kwari yetu hana mahali pengi pa kuchagua.

Kuna jambo jingine ambalo mzee mwenyewe hajawahi kulitaja. Kwa sababu yuko pale kila asubuhi, anajua idadi ya vifaranga. Ndiye aliyewakemea vijana waliokuwa wakiwarushia bata mawe, na ndiye aliyemfuata mwenye mbwa mlangoni kwake. Watoto wanaokwenda naye wanamtambua jike mwenye manyoya yaliyokatika mkiani. Sijui kampeni yoyote ya mabango ingetupatia ulinzi wa namna hiyo.

Lakini mkono unaorusha unarusha nini? Tuanze na mkate, maana ndio unaolaumiwa zaidi. Unashibisha bila kujenga mwili, na usipoliwa huoza majini. Husemwa pia kwamba unapindisha mabawa ya vifaranga: kiungo cha mwisho cha bawa hugeukia nje, manyoya husimama upande, na ndege akikua hivyo hataruka maisha yake yote. Ugonjwa huo upo, na wafugaji wa bata wanaowanenepesha haraka wanaujua. Kwamba ni mkate wa wapita njia unaouleta kwa ndege wa porini, hilo lina ubishi. Profesa Christopher Perrins wa Oxford, aliyekuwa msimamizi wa batamaji (wale ndege wakubwa weupe wenye shingo ndefu) wa Malkia wa Uingereza, aliandika waziwazi kwamba haoni sababu nzuri ya kuwanyima ndege hao mkate, na kwamba ushahidi wa kuuhusisha na mabawa yaliyopinda haujasimama. Kwa hiyo sitamwambia mtoto kwamba kipande chake cha chapati kimemuua bata.

Kinachonitia hofu ni mahindi. Wiki iliyopita nilimwomba mzee anionyeshe mkebe wake. Punje nyingi zilikuwa na unga wa kijani na kijivu kwenye kiini, na harufu yake ilikuwa ya gunia lililolowa. Hakunificha. Ni mahindi aliyoyachambua nyumbani, yale ambayo familia haiwezi kupeleka kwenye posho mill. Kwake, kumpa bata ni afadhali kuliko kutupa chakula.

Sisi Wakenya tunajua ukungu huo unaweza kufanya nini. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo ya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu, ile inayoitwa pia aflatoksini. Haiondoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Na bata wana nafasi ya pekee katika historia yake. Sumu hiyo ilianza kufuatiliwa mwaka 1960 baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga. Watafiti walipotaka kupima kama chakula fulani kina sumu hiyo, walimlisha kifaranga wa bata, kwa sababu ni wachache sana katika wanyama wanaoharibiwa ini haraka kama yeye. Mzee, kwa moyo mwema kabisa, anachagua punje mbaya kuliko zote na kuwapelekea viumbe wanaoihimili sumu hiyo kidogo kuliko karibu wote. Nilipomweleza, alifunika mkebe na kukaa kimya. Siku hiyo hakurusha kitu.

Je, akileta mahindi safi? Hapa ndipo ushauri mwingi tunaousoma unatupoteza, kwa kuwa umeandikwa na watu wa nchi za theluji. Huko kidimbwi huganda, na kiganja cha nafaka kinaweza kumvusha ndege hadi majira ya kuchipua. Nairobi maji hayagandi. Bata wetu hawafuati baridi, wanafuata mvua. Masika na vuli zikijaza mabwawa hutawanyika, na kiangazi kikikausha dimbwi moja huhamia lingine. Ukiwalisha kila siku Januari na Februari, unawapa sababu ya kubaki kwenye maji yanayopungua, wakisongamana juu ya kinyesi chao. Katika tope la joto lisilo na hewa, lenye vitu vinavyooza, ndimo hustawi bakteria wa botulizimu. Bata aliyeshikwa nayo hulegea shingo mpaka kichwa kinazama, akafa maji akiwa hai bado.

Na njaa yenyewe siioni. Asubuhi moja nilifika kabla ya mzee. Jike alikuwa ameinamisha kichwa majini, mkia juu, akichuja tope kwa mdomo kwa mlio mdogo kama wa mtu anayenywa uji wa moto. Vifaranga walikuwa wakirukia wadudu juu ya majani ya maji. Wiki za kwanza ndicho wanachohitaji, wadudu, kwa sababu manyoya na misuli hujengwa kwa protini. Wanahitaji miezi miwili na zaidi ndipo waruke. Mkebe ulipogonga jiwe, kazi yote ilikoma. Wote walielekea kona moja, vifaranga nyuma, kwenye ukingo uleule ambao mbwa huja kunywa maji. Kima wa City Park walifunzwa hivyohivyo kwa karanga na ndizi, na leo wapo wanaomnyang'anya mtoto kilicho mkononi.

Yule mama wa kuku naye asikilizwe, ila hofu zake mbili hazilingani. Kideri kwa kawaida huingia bandani na kuku aliyenunuliwa sokoni au kwa viatu vya mgeni, na chanjo yake ipo. Kumlaumu bata kwa kila kuku aliyekufa si haki. Mafua ya ndege ni jambo jingine. Bata mwitu mara nyingi hubeba virusi vyake bila kuugua, huvitoa kwa kinyesi, na vinaweza kuishi majini. Januari 2017 ndege wa porini walikufa kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, na Kenya ikazuia kuku na mayai kutoka huko. Mahindi yanayorushwa ukingoni huwaita bata na kuku wake mahali pamoja. Ana haki ya kudai yasirushwe karibu na ua wake, na mwenye kutoka kwari asiingie bandani na viatu vyenye tope.

Nikipima yote, nasimama upande wa kutowalisha kila siku, na upande wa kukataza kabisa punje zenye ukungu. Mtoto akitaka kuwapa kitu Jumamosi, namruhusu: kiganja kimoja cha minji au sukuma wiki iliyokatwa vidogo, kwenye maji ya kina kifupi, na kikibaki kitolewe. Ila mzee nisingependa aache kwenda. Aende bila mkebe, akae kwenye jiwe lake, awahesabu kama kawaida.

Maana kamati ya mtaa inapanga kufyeka matete mwezi ujao, ili kwari ionekane safi. Matete hayo ndiyo kiota, ndiyo maficho, na ndimo wadudu wanamozaliana. Vifaranga walikuwa wanane, sasa ni watano, na bado mabawa yao ni mafupi, hayawezi kuruka. Mkutano ni Jumapili alasiri. Mzee ameniambia atakuja, na yule mama nimepita kwake jana kumwomba aketi upande wetu.