Mwenye Taa Moja na Mwenye Pasi

Jamani, hivi aliyeanzisha mchango wa LUKU wa kila chumba elfu tano alikuwa na akili timamu, au alikuwa na pasi? Maana mimi nina balbu moja ya wati 9 na chaja ya simu. Halafu natoa sawasawa na jirani anayenyoosha mpaka soksi!

Vyumba sita, mita moja. Nyumba zetu za kupanga hapa Dar mnazijua. Umeme ukizimika wote tunajitokeza koridoni na tochi za simu: "Ni LUKU, au wamekata mtaa mzima?" Mmoja akichungulia nje akaona kwa jirani kunawaka, basi kimya. Huyu mshahara haujaingia, yule ana mgonjwa, wa tatu kasharudi ndani kujifanya kalala.

Nikasema hapana, hesabu ipo. Mjerumani Georg Ohm aliiweka wazi tangu 1827: chukua volti, yaani msukumo wa umeme, gawanya kwa ampea, wingi wa umeme unaopita, umepata ukinzani, jinsi kifaa kinavyoubania, unausoma kwa omu. Ya wati ni nyepesi zaidi, volti mara ampea. Na wati 1000 zikikaa saa nzima, uniti moja imekwenda na maji. Hapo hapahitaji mganga wala kikao cha wazee.

Nikaanza na pasi ya kijana wa chumba cha nne. Nikaigeuza, ubavuni imeandikwa 230V, 1000W. Elfu moja gawanya kwa 230, ampea 4.35. Gawanya 230 kwa hizo ampea, omu 53. Ikiwaka mfululizo saa moja imemaliza uniti. Balbu yangu inahitaji saa 111 kuimaliza uniti hiyo hiyo. Nikamfungulia daftari aone. Kaliangalia, karudi kwenye kola yake.

"Braza, pasi inajizima yenyewe ikishapata moto. Huoni kale kataa?"

Inajizima, sikatai. Lakini mwenzetu ananyoosha jinzi mbichi, maji yanadondoka sakafuni! Kale kataa kanazimika saa ngapi? Kanakesha.

Kwa dada wa chumba cha pili ndiyo nilichoka. Ana hita ya kuchovya kwenye ndoo, wati 1500, ampea 6 na nusu. Kuoga tu robo saa, uniti 0.375. Na kila mtoto wake ana ndoo yake. Hita hiyo haikuchomekwa ukutani, hapana, ipo kwenye eksitensheni moja na jagi la chai la wati 2000. Jumla ampea 15 zinapita kwenye waya mwembamba uliokatika katikati, ukaungwa, ukazungushiwa mfuko wa rambo, ile mifuko iliyopigwa marufuku 2019, wake sijui kautoa wapi. Nikaugusa pale kwenye kiungo, moto! Tuseme kiungo kina ukinzani wa nusu omu tu. Ampea 15 mara nusu omu, volti 7.5 zinaishia pale; zidisha tena kwa ampea 15, wati 112 zinapika rambo. Nikamwambia dada, hapo panaungua. Akanijibu, "Mbona kanashika vizuri tu?" Na harufu yote ile!

Friza la Mama Barafu nililipita. Lile ni mota, linawaka na kuzima linavyotaka, ukizidisha volti kwa ampea hupati jibu kamili. Halafu ananikopesha barafu.

Basi, nikapeleka daftari kwenye kikao, mbele ya mzee mwenye nyumba. Nikasoma chumba hadi chumba. Nikaona watu wanakunakuna vichwa, nikajua nimeshinda. Yule kijana wa pasi akainuka na fundi wake, fundi kaja na mita ya kupimia volti. Wakachomeka kwenye soketi, saa moja usiku, mtaa mzima umewasha: volti 160.

"Haya braza," akasema, "piga na hiyo."

Sasa hesabu haina rafiki. Ukinzani wa pasi ni ule ule, omu 53. 160 gawanya kwa 53, ampea 3. Ampea 3 mara 160, wati 480. Volti hazijapungua hata theluthi moja, lakini pasi imeshuka chini ya nusu, kwa sababu zikipungua volti na ampea nazo zinapungua, halafu unazizidisha zote mbili. Koridoni wakapiga vigelegele kama harusini.

Nikawaambia subirini! Maji ya kwenye jinzi yanataka joto lile lile ili yakauke. Pasi ikiwa na nusu ya nguvu, atasimama pale mara mbili ya muda, na joto lingine linapotelea hewani. Uniti zinaishia pale pale, pengine zinazidi. Nani alisikia? Wao walichobeba ni neno moja, nusu. Kijana anataka achangie elfu mbili na mia tano.

Na tangu siku hiyo nyumba nzima imepata elimu. Asubuhi hakuna anayenyoosha, hakuna anayechemsha. Wanasubiri saa moja jioni, eti umeme ukiwa mdogo ni wa bei nafuu. Hita ndani, jagi ndani, pasi ndani, kwa pamoja! Volti zinazidi kushuka, friza la Mama Barafu linanguruma halishiki, barafu zimekuwa juisi na ananidai mimi hasara. Balbu yangu ya wati 9 inapepesa, nasoma kwa tochi ya simu.

Mzee mwenye nyumba kapita juzi na tangazo. Kwa kuwa uniti zinaisha haraka siku hizi, kila chumba elfu sita. Na kwa vile mimi najua hesabu, nikusanye.