Wabunge Watatu wa Lamu na Bunge Lisilo na Mwenyewe

Agosti 2022 macho yetu sote Wakenya yalikuwa Bomas, kituo cha kitaifa cha kujumlisha kura, tukingoja kusikia nani rais. Ndiyo maana jambo jingine lililotokea katika uchaguzi uleule lilipita bila kelele: hakuna upande uliopata wingi wa kutosha katika Bunge la Taifa. Ukimwacha Spika, Bunge hilo lina wabunge 349: wa maeneo bunge 290, Wawakilishi wa Wanawake 47 na wa kuteuliwa 12. Anayetaka kulimiliki anahitaji 175. Kwa hesabu ya Msajili wa Vyama iliyokuja kutajwa mahakamani, Azimio, muungano wa Raila Odinga, walikuwa na 171 na Kenya Kwanza, muungano wa William Ruto, 165. Waliobaki, kama dazeni moja, walikuwa wabunge huru.

Kabla hata ya kiapo, wengi wa wabunge huru hao walikuwa wameshapokewa Karen, nyumbani kwa rais mteule, Ruto. Vyama vidogo vilivyoingia uchaguzini chini ya mwavuli wa Azimio vikaanza kuhama. Oktoba, Spika Moses Wetang'ula akaamua kwamba Kenya Kwanza ndio walio wengi, na walio wengi ndio wanaopanga shughuli za Bunge na kuwa na sauti kubwa katika kamati. Ilichukua hadi tarehe 7 Februari 2025 ndipo Mahakama Kuu ikasema uamuzi ule ulikwenda kinyume cha Katiba. Siku chache baadaye Spika akasimama na kuamua tena kwamba Kenya Kwanza ndio wengi. Wakati huo bajeti zilikuwa zimeshapita, na miswada ya fedha iliyotuumiza mifukoni ilikuwa imeshapigiwa kura.

Kwa hiyo mtu akiniuliza itakuwaje uchaguzi wa Agosti 10, 2027 usipotoa mwenye wingi, jibu langu la kwanza ni kwamba tumeshapita hapo. Tulipita usiku, taa zimezimwa, na hatukuona nini kilipewa nani.

Sisi watu wa visiwani Lamu tuna mfano mwingine ambao wazee wenye jamaa Unguja na Pemba wanaujua vizuri. Januari 1961 Zanzibar ilipiga kura kujaza viti 22. Vyama vilikuwa vitatu: ASP (Afro-Shirazi) ikapata 10, ZNP (Nationalist) 9, na ZPPP ya Mohammed Shamte ikapata 3. Hao watatu ndio waliokuwa na nchi mkononi. Kumbuka kwamba jimbo la Chake Chake ASP ililitwaa kwa kura moja tu. Basi watatu hao wakagawanyika: wawili wakaenda ZNP, mmoja akaenda ASP. Kumi na moja kwa kumi na moja. Serikali haikuundika, ikawekwa ya muda, kikaongezwa kiti kimoja ili visigawike sawa tena, na watu wakarudi kwenye kura mwezi Juni. Safari hii ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3, na ZPPP ikasimama na ZNP. Lakini kati ya Januari na Juni chuki ilikuwa imepikwa ikaiva. Ghasia zilizoanza siku ya kura ziliua watu 68. Miaka miwili na nusu baadaye yakaja mapinduzi.

Sisemi kwamba sare ile ndiyo iliyoleta mapinduzi. Mambo yalikuwa mengi, na ya zamani kuliko uchaguzi huo. Ninachosema ni kwamba viti vitatu vilipoamua serikali, mwananchi wa kawaida hakuwa na njia ya kujua vimeamua kwa misingi gani. Penye giza kama hilo kila mtu hujaza uvumi wake.

Kwetu Kenya sare ya Bunge haimzuii mtu kuwa rais, kwa sababu rais tunamchagua wenyewe. Uingereza na Afrika Kusini ni tofauti, kule Bunge ndilo linaloamua nani aongoze. ANC, chama tawala cha Afrika Kusini, kilipopata viti 159 kati ya 400 katika uchaguzi wa Mei 29, 2024, Katiba yao iliwapa siku 14 tu baada ya matokeo kutangazwa Bunge likutane, na Juni 14 Cyril Ramaphosa alichaguliwa tena kwa kura za wapinzani wake wa jana. Saa inapiga, watu wanakubaliana. Sisi hatuna saa hiyo. Rais wetu anaweza kukaa Ikulu miaka mitano na Bunge lisilo lake, akiukataa mswada na Bunge likihitaji theluthi mbili kuupitisha bila ridhaa yake, huku Bunge nalo likiwakataa mawaziri wake na kuikata bajeti yake. Ama awavute wabunge mmoja mmoja, ama mambo yasimame.

Kusimama kwa mambo tunakujua pia. Mwaka 2020 maseneta walivutana miezi mitatu juu ya fomula ya kugawa mapato kwa kaunti. Kaunti kadhaa za Pwani na Kaskazini zingepoteza fedha, na upande wa kuipitisha fomula ulikosa kura kikao baada ya kikao. Agosti 17 maseneta watatu wakakamatwa siku moja. Magavana wakatangaza kwamba watafunga shughuli za kaunti kwa kukosa fedha. Mwishoni, Septemba 17, ikapatikana njia: fedha ziongezwe ili asipoteze mtu. Wapo waliouona mvutano ule kuwa aibu. Mimi niliuona kuwa siku adimu ambayo kaunti ndogo zilisikika, kwa sababu hakukuwa na mwenye wingi wa kuzipita juu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi, wanaotamani kila mara mshindi mmoja mkubwa ili nchi itulie. Nchi inatulia, kweli, lakini Lamu inasahauliwa. Tuna maeneo bunge mawili, Mashariki na Magharibi, na Mwakilishi wa Wanawake mmoja. Watatu kati ya 349. Serikali yenye wabunge 250 haina haja ya kutupigia simu. Serikali yenye 171 inayo. Na si Lamu peke yake: ukijumlisha maeneo bunge ya kaunti zote sita za Pwani unapata 26, ongeza Wawakilishi wa Wanawake sita, ni 32. Mwaka 2022 Azimio walipungukiwa na wabunge wanne, Kenya Kwanza kumi.

Basi Pwani ilipata nini? Jirani zetu wa Kilifi walau walionekana wakijadiliana. Chama cha PAA cha Amason Kingi, aliyekuwa gavana wao, kiliondoka Azimio kwenda Kenya Kwanza kabla ya uchaguzi, moja ya malalamiko yake likiwa kwamba hakikuonyeshwa mkataba wa muungano. Chama kizima kinasema hakijauona mkataba kilichomo ndani yake! Septemba 8 Kingi akawa Spika wa Seneti, na Septemba 13, siku ya kuapishwa, Rais Ruto akatangaza kwamba utoaji wa mizigo unarudishwa bandari ya Mombasa. Unaweza kuipenda biashara hiyo au kuichukia, lakini kilichoombwa na kilichotolewa kilionekana kwa macho.

Lamu je? Wabunge wetu wote wawili wa maeneo bunge walichaguliwa kwa tiketi ya chama cha Jubilee, kilichokuwa ndani ya Azimio. Mwakilishi wa Wanawake alikuwa mmoja wa ile dazeni ya wabunge huru, watu waliokuwa wakitafutwa kuliko wote nchini wiki ile. Simlaumu mtu kwa upande aliouchagua. Swali langu ni moja: karatasi iko wapi? Wakati ule ambapo kiti kimoja kilikuwa na thamani ambayo huenda kisipate tena, Lamu iliomba kitu gani kwa jina na kwa tarehe?

Tazama walivyofanya DUP, chama cha Ireland Kaskazini, mwaka 2017. Waziri Mkuu wa Uingereza, Theresa May, alitoka uchaguzini na wabunge 317 katika Bunge la 650. DUP walikuwa na kumi. Waliandika mkataba, ukatiwa sahihi na kuchapishwa kila mtu ausome: pauni bilioni moja kwa eneo lao, na ndani yake milioni 400 za miundombinu, milioni 150 za intaneti ya kasi, milioni 50 za afya ya akili. Mwalimu wa Belfast aliweza kuushika mkononi na kuuliza zangu ziko wapi. Baadaye DUP hao hao walimkatalia May mkataba wake wa kutoka Umoja wa Ulaya, na hiyo ni hatari ya wachache wenye nguvu nyingi, siifichi. Lakini naye aliingia macho wazi.

Wapo watakaoniambia kwamba mbunge wa Kenya hawezi kufanya hivyo, kwa kuwa Katiba inamnyang'anya kiti akihama chama kilichomleta. Ni kweli, na ni vizuri iwe hivyo. Lakini mbunge huru hafungwi na chama, na chama chenyewe kinaweza kujadiliana kwa niaba ya wabunge wake. Machi 7, 2025 UDA, chama cha Ruto, na ODM, chama cha Raila, walitia sahihi makubaliano yao ya mambo kumi pale KICC, jumba la mikutano Nairobi, hadharani. Kama vyama vikubwa vinaandika, wabunge 32 wa Pwani wanashindwaje kukaa kabla ya uchaguzi, wa vyama vyote, na kuandika ukurasa mmoja?

Mimi ningeanza na fidia ya wavuvi waliopoteza bahari yao kwa bandari mpya ya Lamu, ya mradi wa LAPSSET. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2018 kwamba wavuvi 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76, na miaka ikapita wakiendelea kudai. Kisha hati za ardhi. Kisha boti za wagonjwa, kwa sababu mama mja mzito wa Kizingitini au Kiunga usiku wa kusi bado roho yake iko kwa nahodha na kwa bei ya petroli, na yeye hajui Spika kaamua nini Nairobi.

Wagombea wataanza kupita Langoni na Mkomani, watavuka kwenda Faza, wataenda Mpeketoni na Witu, na watatuambia wanamuunga mkono nani kwa urais. Hilo tutalisikia bila kuuliza. Tuwaulize hili: Bunge likikosa mwenye 175, wewe utakwenda upande gani, kwa masharti gani, na utayabandika wapi tuyasome kabla hujapiga kura ya kwanza ya kumchagua Spika? Asiyetaka kulijibu mbele za watu, kura yangu hapati.