Kitindamlo cha Mtu Mmoja

Aliyeandika mapishi yale ya tufaha la kuoka aliweka kwa herufi nene: "kwa mtu mmoja". Sikuhitaji kushawishiwa zaidi. Ukiwa na watoto watatu, mke anayesema "mimi sili" kisha anamaliza chako kwa kuonja, na mama mkwe aliyekuja kusalimia akapapenda, maneno kama hayo unayasoma mara mbili mbili.

Yalikuwa majira ya majani kupukutika, matufaha ndiyo yameiva na baridi imeanza kupenya madirishani. Nikasubiri hadi saa tano usiku, nyumba nzima inakoroma, nikaurudisha mlango wa jikoni taratibu na kufunga aproni.

Kazi yenyewe si kubwa. Unachimba tufaha katikati kwa kijiko kidogo, unatoa mbegu zote, ila kitako hukitoboi, maana ukikitoboa utamu wote utavujia chini. Shimoni unashindilia siagi, sukari ya kahawia, mdalasini na zabibu kavu. Juu unarundika chengachenga za unga uliofikichwa na siagi. Unaliweka kwenye bakuli dogo, maji kidogo chini, oveni nyuzi 180, dakika 40 hivi. Basi.

Ila tufaha na tufaha si sawa. Kuna lile la Uingereza liitwalo Bramley, likiingia motoni linalainika mpaka linakuwa uji. Mimi nilikuwa na Granny Smith: kijani, chachu, gumu, ganda linang'aa. Hilo linajulikana kwa kushikilia umbo lake ndani ya oveni. Langu lilishikilia kupita kiasi.

Mwanzoni raha tupu. Nikachuchumaa mbele ya kioo cha oveni nikitazama povu la kahawia likipanda hadi ukingoni mwa shimo, likasita, likateleza ubavuni tone kwa tone. Ganda likaacha ukijani wake, likawa rangi ya zeituni, kisha likaanza kututumka. Likavimba mpaka likakosa hata kunyanzi moja. Nikajisemea, hapo sasa, linaiva.

Kumbe zaidi ya asilimia 80 ya tufaha ni maji, na maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600. Mapishi yalikuwa na aya nzima kuhusu "joto la moyoni msimu wa baridi", lakini kuhusu ganda, hata nukta.

Pwaa!

Tufaha likafumuka ubavuni, shira ikaruka hadi kwenye waya wa moto wa oveni. Sukari ikigusa chuma kilichoiva haisubiri. Moshi ukafuka papo hapo, na king'ora cha moshi cha darini nacho kikaitikia. Nikapanda stuli. Nikapunga taulo, nikakibembeleza, nikakitukana kwa sauti ya chini. Wapi! Kililia kama kimefiwa.

Mlango ukafunguka. Mama mkwe, kajifunga shuka.

"Shikamoo, mama," nikasema kutoka juu ya stuli, aproni juu ya nguo za kulalia. Ungesema nini kingine?

"Marahaba. Tunaungua?"

"Hapana, mama. Ni tufaha."

Akanusa. Moshi ulikuwa mkali, lakini mdalasini bwana haufichiki, unapita katikati ya moshi kana kwamba umetumwa. "Tufaha," akasema, na uso wake ukaanza kubadilika.

Nyuma yake akatokea mke wangu, macho nusu. Hakuuliza kuhusu moto. "Matufaha si uliniambia yamekwisha?"

"Hili ndilo lililokuwa la mwisho kabisa, mama watoto."

Watoto walishapita katikati ya miguu yetu, kila mmoja na kijiko chake. Watoto wale wale ambao asubuhi hata ukipiga ngoma hawaamki. Nikatoa bakuli. Tufaha lilikuwa limekaa upande kama mtu aliyechoka safari, tumbo wazi, lakini ndani limelainika vizuri, na pembeni shira imeganda ikawa ngumu ya kukwaruzwa. Mkubwa kwanza, bila shaka. Mama mkwe akatia kijiko, akafumba macho, akatia tena. Zamu iliponifikia nilikuta ganda tupu na zabibu moja.

"Mwanangu," akaniambia huku akikwaruza ukingo wa bakuli, "tufaha unalichanja kiunoni kwanza, mstari mmoja kulizunguka, ili mvuke upate pa kutokea. Hukuambiwa?"

"Sikuambiwa, mama."

"Basi. Siku ukipata mengine nitakuonyesha."

"Yapo mengine, bibi!" akadakia kitindamimba wangu, mdomo umejaa chengachenga. "Baba ameyaficha nyuma ya mfuko wa unga. Yapo manne."

King'ora kikanyamaza wakati huo huo. Mke wangu akageuka kunitazama. Mama mkwe akavuta kiti, akakaa, akanyoosha mkono aletewe kisu.