Kocha, Mama Yake Yuko Pale Anauza Karanga

Hili jambo la kocha kumtukana dogo mbele ya watu ninalo wiki mbili sasa. Nilisema siandiki maana nawajua, mtaniambia kaka siku hizi umekuwa laini, ila jana limenirudia upya kwa hiyo naandika, na wa kunisema anisemee huko huko.

Iko hivi. Jumapili ya wiki juzi nilikuwa Nkuhungu kwa shemeji, tumekula, watu wamesinzia kwenye makochi, mi nikajitoa taratibu kwenda kuangalia mpira wa madogo kwenye kiwanja cha vumbi pale jirani. Mnajua Dodoma mwezi wa saba upepo unavyokuwa, yani vumbi unalitafuna, na jua la saa kumi na moja linampiga kipa wa upande mmoja usoni kabisa. Timu mbili za mtaa, vijana wa miaka kumi na tano kumi na sita hivi. Watu walikuwepo wa kutosha: boda wamekalia pikipiki zao pembeni ya uwanja, watoto, wazee wawili watatu na redio yao, na mama mmoja na beseni lake la karanga na mayai ya kuchemsha.

Dakika kama ya ishirini ikapigwa krosi ndefu. Kipa wa jezi za njano akatoka vizuri tu, mikono juu, ila upepo ukaukamata ule mpira ukaurudisha nyuma yake, ukamkuta straika wa wale wengine amesimama peke yake kama anasubiri daladala. Goli. Haya, limeuma, hakuna anayebisha. Lakini yeyote aliyewahi kukaa golini Dodoma kipindi hiki cha upepo anajua krosi ya namna ile inaweza kumwaibisha mtu yeyote.

Kocha wao akaingia mpaka ndani ya uwanja. Mechi imesimama, refa anaangalia tu. Na si kwamba alimwambia kitu cha mpira, labda "kwenye upepo usidake, piga ngumi" au "jua likiwa usoni subiri mstarini". Hapana. Alimwita mbwa. Akamwambia hiyo mikono kasongee ugali. Akamuuliza hivi mama yako alikuzaa uje ule tu? Watu wakacheka, na mi nilicheka, kidogo lakini nilicheka. Boda mmoja kashatoa simu anarekodi.

Halafu nikasikia mtu nyuma yangu anasema kwa sauti ya chini, "mama yake si huyu hapa?"

Nikageuka. Yule mama wa karanga. Alikuwa anamfungia mtoto karanga za mia mbili kwenye kikaratasi, na hakunyanyua kichwa. Aliendelea kufunga. Karanga za mia mbili hazina hata ngumi moja, ila alizifunga mpaka yule mtoto akaanza kumwangalia.

Kicheko kilinikatikia pale pale.

Mapumziko nikamfuata kocha. Nilimsalimia vizuri, nikamwambia mwalimu, yule dogo umemuwashia moto sana, na mama yake yupo. Akacheka. Akaniambia, "Kaka, hawa bila kuwachamba hawaendi. Hata mi nilichambwa hivi hivi. Subiri kipindi cha pili utaona mwenyewe." Na kweli bwana, kipindi cha pili kama dakika ya tano hivi likaja shuti kali la chini, dogo akaenda nalo akalipangua ikawa kona. Kocha akaacha kuangalia mpira akanitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale, akanionyesha kidole: "Umeona?!"

Hiyo "umeona" ndiyo nataka tuielewane leo, mengine nitayapitia juu juu.

Chukulia mtu anayepiga ngoma ya kuomba mvua. Huku Ugogoni habari za waomba mvua si ngeni na siwadharau wazee, ila chukulia huyu mmoja ngoma yake anaipiga mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja tu, kila mwaka, wakati ardhi imekauka mpaka imepasuka na ng'ombe wanahesabika mbavu. Wiki moja, mbili, mvua hiyo. Kila mwaka! Utamwambia nini? Yeye ushahidi anao. Lakini mimi na wewe tunajua mvua ya Dodoma huwa inaanza lini, ingenyesha hata kama angelala.

Kocha anayefoka yuko hivyo hivyo. Anafoka lini? Siku dogo amefanya kitu kibaya kuliko kawaida yake. Hakuna kocha anayefoka siku kipa amecheza kawaida. Sasa mtu akishafanya kitu kibaya kuliko kawaida yake, kinachofuata huwa nini? Mara nyingi ni kawaida yake tu! Umfokee, usimfokee, umpe maji ya kunywa, umsimulie habari za zabibu, shuti linalofuata kuna uwezekano mkubwa atacheza vizuri kuliko lile goli, kwa sababu lile goli lilikuwa chini ya uwezo wake tangu mwanzo. Ila kwa kuwa katikati hapo kuna mtu alipiga kelele, kelele ndizo zinabeba sifa.

Na upande wa pili ndio unaoumiza zaidi. Siku kipa anadaka penati mbili kocha anamsifia, jamaa leo umetisha. Mechi ya kesho yake dogo anacheza kawaida, maana penati mbili si kila siku. Kocha anatikisa kichwa: unaona, nilimsifia kavimba kichwa. Kwa hiyo huyu mtu kila wiki uwanja unamfundisha kwamba ukisifia wanaharibika na ukitukana wananyooka, na anaapa kwa macho yake mwenyewe, na macho hayajamdanganya, ila hesabu ndiyo imemdanganya.

Wala sijaigundua mimi hii. Kulikuwa na mwanasaikolojia anaitwa Daniel Kahneman, ndiye aliyekuja kupewa Nobel ya uchumi 2002 wakati hata si mchumi, alikuwa anawafundisha wakufunzi wa marubani wa jeshi kule Israeli, anawaambia kusifia kunasaidia kujifunza kuliko adhabu. Mkufunzi mmoja mzoefu akasimama akambishia: mzee, mi nikimsifia mwanafunzi karusha ndege vizuri, zamu inayofuata anaharibu, nikimfokea aliyeharibu, zamu inayofuata anafanya vizuri, kwa hiyo usituletee hizo habari. Yani ni kocha wa Nkuhungu kabisa ila ana ndege. Kahneman akaona pale pale kosa liko wapi, kwamba vyote vile vingetokea hata mkufunzi akiwa bubu.

Sasa rudi Nkuhungu. Kocha alihesabu lile shuti moja lililopanguliwa. Mi nikaamua kuhesabu kingine, maana nilishakasirika, nikaanza kuhesabu krosi. Kipindi cha pili zilipigwa nne za kwenye eneo la kipa kabisa, zile ambazo kipa anatakiwa atoke. Dogo hakutoka hata moja. Alibaki amegandia mstari kama nguo kwenye kamba. Krosi ya nne ikadondoka hatua tatu mbele yake, mtu akagusa tu, goli la pili. Na unajua kocha alipiga kelele gani?

"Mbona hutokiii?!"

Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Kipindi cha kwanza alitoka akaitwa mbwa mbele ya mama yake, sasa atoke akaitwe nani tena?

Hili nalijua kwa mwili wangu. Nikiwa kidato cha tatu, shule ya bweni, jina lake libaki huko, tulitolewa UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya sekondari, ngazi ya wilaya kwa penati na aliyekosa ni mimi. Jumatatu asubuhi mstarini mwalimu wa michezo akaniita mbele. Shule nzima, wavulana na wasichana, na kulikuwa na msichana mmoja pale ambaye nilikuwa nimeshamwandikia barua mbili (hakuna uhusiano ila niache niseme). Mwalimu akasema mtazameni vizuri huyu, ndiye aliyewarudisha nyumbani. Basi. Hakunipiga hata fimbo, na kusema ukweli ningechagua fimbo. Mpira sikuacha. Niliendelea mpaka kidato cha nne, hata mwalimu angekwambia nilibadilika nikawa mtulivu, sipotezi mipira. Sipotezi kwa sababu nilikuwa siombi! Nilijua kusimama nyuma ya beki, mahali ambapo ukitazama kutoka nje unaona niko mchezoni lakini mwenzangu hawezi kunipa. Mwaka mzima nilicheza kwa kujificha, na hakuna aliyegundua.

Najua mtaniletea wazungu. Mourinho je? Haya, Mourinho. Aprili 2017 akiwa kocha wa Manchester United, wametoka sare ya 1-1 na Everton, akaenda mbele ya waandishi akasema Luke Shaw alicheza na mwili wake ila akili ilikuwa ya kwake yeye kocha, maana alikuwa anamwelekeza kila hatua kutoka pembeni. Mtu mzima, beki wa timu ya taifa ya Uingereza. Shaw akaja kusimama vizuri chini ya kocha aliyefuata, Solskjær, Mourinho kashafukuzwa, na fainali ya Euro tarehe 11 Julai 2021 akawafunga Italia dakika ya pili tu. Nimeshabishana na mtu kijiweni hapa Chang'ombe ananiambia unaona, yale maneno yalimkomaza. Kaka, dawa gani hiyo unakunywa 2017 inaanza kufanya kazi 2021, tena daktari akishaondoka?

Ferguson, yule kocha wa zamani wa Manchester United, naye mtamleta, na huyu nampa haki yake, kwa shingo upande. Alikuwa anafoka mpaka mate yanakurukia, lakini kwa kawaida alifokea ndani, mlango umefungwa, akitoka nje anamkingia kifua mchezaji wake. Na hata huko ndani, Februari 2003 baada ya kufungwa na Arsenal kwenye Kombe la FA akapiga teke kiatu kikampasua mchezaji wake Beckham juu ya jicho, na kiangazi hicho hicho Beckham akaenda Real Madrid. Kwa hiyo hata chumbani tuangalie viatu.

Wa Ligi Kuu siwaongelei sana. Ni watu wazima, wana mikataba, na vipindi vya michezo vya asubuhi vitawachana tu hata kocha wao akiwa malaika. Nikiwa uwanja wa Jamhuri naangalia Walima Zabibu, Dodoma Jiji yetu, hata mi nafoka, nimelipa kiingilio changu. Na kupiga kelele uwanjani si dhambi, "shuka! rudi! mwangalie wa nyuma!" hiyo ni kazi, upepo huu bila kupaza sauti nani atakusikia.

Na ile ya "mbona sisi tulichambwa tukatoka"? Waliotoka ndio wanaoongea. Yule aliyekuwa anakaa nawe benchi ukiwa na miaka kumi na sita, mwenye mguu wa kushoto mzuri kuliko wako, aliyeacha mpira akaenda kupiga lipu, umeshawahi kumuuliza?

Kitu kimoja nakiona kila nikiirudisha ile siku kichwani. Kocha alipokuwa anamtukana yule dogo, alikuwa hamwangalii dogo. Alikuwa ametugeukia sisi. Sisi wa kwenye boda, sisi tuliokuwa tunaanza kunong'ona kwamba timu haijafundishwa. Kipa alikosea, kocha akakimbilia kutuambia si yeye, na sisi tukamlipa kicheko. Mbona lile goli hakuna aliyeuliza mabeki wawili walikuwa wapi, au nani alichagua kuanza upande wenye jua usoni?

Eti upendo. Tunasema anayekupenda ndiye anayekukemea, sawa, nakubali, bibi yangu alinikemea mpaka kaburini kwake. Lakini bibi alikuwa anakuita jikoni kwanza.

Jana nikapita tena pale. Upepo ule ule. Dogo yuko golini, kocha yuko pembeni kapoa kidogo, sijui kwa sababu walikuwa wanaongoza. Nikaangaza macho nitafute karanga, nilikuwa nimedhamiria ninunue hata za elfu mbili, sijui nilifikiri nitarekebisha nini kwa karanga. Beseni halipo.

Mechi ilipoisha nikamsubiri dogo pale kwenye mti wanapobadilishia nguo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umecheza vizuri leo. Mama hajambo? Leo simwoni na karanga zake."

Akavua glovu moja, akaanza kukung'uta vumbi.

"Hajambo. Nimemwambia akauzie stendi."