Birika la Bibi na Pumzi ya Babu

Kutoka Dallas mpaka Denver kwa ndege ni kama saa mbili tu. Nalijua hilo, msinikumbushe. Lakini mimi natembea na mrija puani, na mashirika ya ndege ya Marekani hayataki abiria apande na mtungi wake wa oksijeni. Yanakubali mashine ndogo ya betri iliyoidhinishwa, na yanaweza kukudai uje na betri za kutosha muda wa safari yote na nusu yake tena. Betri za mashine yangu ndogo zimezeeka kuliko mwenyewe, na nilipouliza bei ya mpya nikatajiwa fedha ya kulipia mahari. Nasi tulikuwa tunakwenda arusini kwelikweli: mpwa wangu anaolewa Denver. Arusi isiyo na mjomba si arusi, ni mkutano.

Ndipo mkwe wangu, mume wa binti yetu, akaja na shauri la kukodi RV, lile gari refu ambalo ndani mna vitanda, jiko, friji, choo, na bafu la kuogea huku umekunja magoti. Binti ana kazi, angetufuata kwa ndege. Garini tukawa wanne: mkwe kwenye usukani, mjukuu wetu wa kiume, Bibi yake, na mimi na mrija wangu wa mita kumi na tano.

Msomaji wa pwani ameshaliona tatizo, na wala si oksijeni. Ni mama mkwe na mkwe kulala ndani ya chumba kimoja chenye upana wa mita mbili na nusu. Kijana wa watu kalelewa. Mbele ya mama mkwe wake hata kupiga miayo anaona haya. Wakakubaliana bila kusemezana: yeye atalala kwenye kitanda kilicho juu ya kiti cha dereva, atapanda Bibi akishafunga pazia la chumba cha nyuma, na akishapanda hashuki mpaka aitwe.

Siku mbili kabla hatujaondoka, fundi wa oksijeni alileta mitungi ya akiba na masharti yake. Oksijeni yenyewe haiungui, alisema, ila inakifanya kila kinachoungua kiungue kwa pupa. Kwa hiyo moto wowote ukae futi kumi mbali nami, yaani kama mita tatu. Pua ikikauka nisipake mafuta ya nazi wala mafuta ya mgando, nipake dawa iliyotengenezwa kwa maji, isiyo na mafuta. Mitungi ifungwe isibingirike.

Bibi akachukua kipimo chake cha ushonaji, akapima gari. Upana wake haufiki mita tatu. Jiko la gesi liko hatua mbili kutoka kwenye kiti changu. Maana yake, kwa sheria ya fundi, mahali pekee pa kuwashia moto ni nje, juani, Texas, mwezi wa saba. Udi ukarudishwa kabatini nyumbani. Chetezo kikarudishwa. Jiko la gesi likafunikwa kwa kanga na halikufunuliwa mpaka tuliporudisha gari. Bibi alivumilia yote hayo kwa moyo mmoja, ila akatangaza kwamba udi atauacha, chai haachi. Akapakia birika la umeme.

Tuliingia Amarillo jioni, baada ya kilomita kama 580 za ardhi bapa. Njiani kwenda kambini tulipita pale magari kumi ya Cadillac yalipozikwa pua chini tangu 1974, watu wakisimama kuyapuliza rangi. Bibi aliuliza walikufa na nini. Kambini magari yamejipanga safu kwa safu, na kati ya kila magari mawili imesimama nguzo fupi ya umeme yenye masanduku mawili, moja upande huu na moja upande ule. Mkwe akachomeka waya wetu. AC ikaanza kuvuma, mashine yangu ya oksijeni, ile kubwa ya nyumbani isiyo na betri, ikaanza kupumua, pazia likafungwa, kijana akapanda juu kwake. Kukawa shwari.

Saa kumi alfajiri Bibi aliamka kuchemsha chai kabla ya swala.

Hapa niseme mimi ni nani. Nimekuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha mkonge kule Tanga. Mapafu yangu yaliisha kwa vumbi la kule, nami nikayasaidia kuisha kwa sigara. Kwa hiyo nilipolisikia birika limeanza kuguna, hesabu ilijipanga yenyewe kichwani. Umeme wa gari letu ni ampi 30 kwa volti 120, jumla wati 3,600. AC inakula kama 1,300. Birika 1,500. Mashine yangu 350. Friji nayo tuliitoa kwenye gesi ili niishi, inakula 300. Chenji iliyobaki haifiki wati 200. Nikafumbua macho nimwambie, nikamwona anaweka vitumbua vya jana kwenye maikrowevu.

*Tak.*

AC ikanyamaza. Birika likanyamaza. Kisha mashine yangu ikaanza kulia, mlio mmoja mrefu wa kutoboa masikio, maana imetengenezwa ilie hivyo umeme ukikatika. Na puani kukawa kimya.

"Imeharibika!" Bibi akasema.

Nikanyanyua kidole kuonyesha umeme umekatika.

"Umeme upo, taa hizo hapo juu zinawaka. Kwani huku nako kuna mgao?"

Naam, taa zinawaka. Taa za RV hutumia betri ya gari, volti 12. Zinawaka hata porini. Nilitaka kumweleza hayo. Lakini mtu wa mapafu yangu akikosa oksijeni hafi papo hapo. Kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu kinateremka kutoka asilimia 93 hadi 86, na maneno yanapanda bei. Unayanunua moja moja. Mimi peke yangu ndani ya gari lile nilijua kilichotokea, na mimi peke yangu sikuwa na pumzi ya kukisema.

Bibi akakumbuka king'ora cha gesi. Tulikionyeshwa siku ya kuchukua gari: kisanduku kimebandikwa karibu na sakafu, kwa sababu propani ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Kikilia, tukaambiwa, tokeni wote. Bibi akapiga magoti na sikio lake likawa sakafuni.

"Ni hiki! Gesi! Tokeni!"

"Bibi, ni friji inalia," mjukuu akasema kutoka kwenye kochi.

"Mama, nishuke?" Sauti ya mkwe ilitoka juu gizani.

"Subiri kwanza! Sijajifunga sawasawa!"

Basi gesi inavuja, kwa imani ya wenye nyumba, na mkwe anasubiri kibali. Nilijikokota mpaka kwenye mitungi ya akiba. Mtungi mdogo ule hauna koki ya kuzungusha kwa mkono, una ufunguo wake, kijibati cha ukubwa wa kidole. Ulikuwa umefungwa kwa kamba shingoni mwa mtungi. Kamba ipo. Ufunguo haupo. Jana yake nilimwona mjukuu akiuendesha juu ya meza kwa mlio wa pikipiki.

Nikakusanya pumzi yote niliyokuwa nayo. "U... fu..." Ikakatika. Nikavuta nyingine. "...nguo!"

"Nguo!" Bibi akashtuka. "Ewe Mola, kweli! Babu kifua wazi na kikoi, na mkwe anashuka!"

Nikatikisa kichwa kukataa. Yeye keshafungua begi. Kanzu ya arusini, nyeupe, imepigwa pasi Dallas, ikashuka juu ya kichwa changu. Sasa mrija ulikuwa bado puani, unapita nyuma ya masikio, na kanzu ikaunasa. Kichwa changu kikawa kinazunguka ndani ya kitambaa kinatafuta tundu, kikaona mkono, kikarudi.

"Si... nguo," nikasema humo ndani. "U..."

"Na kofia pia? Iko hapa, tulia."

Ndipo mkwe aliporuhusiwa. Alishuka uso ameuelekeza darini ili asimwone mama mkwe wake, akapiga paji la uso kwenye kabati, akasema samahani, sijui kwa kabati au kwa mama mkwe, akatoka nje pekupeku. Mwanamume akielewa jambo moja la umeme, ataelewa kuzima na kuwasha. Akaiendea nguzo. Nguzo ina masanduku mawili. Akafungua moja, akashusha swichi.

Nikasikia mlio wa pili. Kwanza nilidhani masikio yangu yameanza kunikimbia. Lakini ulitoka nje, kwa jirani: mlio uleule, mashine ileile.

Mlango wa RV ya jirani ukafunguka. Akatokea mzee wa Kitexas, mrefu, bukta ya kulalia, kofia pana ya wachunga ng'ombe kichwani, na puani ana mrija. Begani kaning'iniza mashine ndogo ya betri, ya aina inayokupa pumzi pale tu unapovuta: *pff*, kimya, *pff*. Kwa hiyo yeye hakuwa na shida, alikuwa na hasira. Akaanza kumuuliza mkwe wangu anafanya nini kwenye sanduku lake la umeme.

Wakati huo nami nikafika mlangoni. Jamani, nitazameni pale: saa kumi usiku, taa iko nyuma yangu, mzee kasimama na kanzu nyeupe mpaka miguuni na kofia nyeupe, hasemi neno, ananyoosha mkono kumwelekea.

Yule bwana akanyamaza. Akavua kofia yake. *Pff*. Kisha akaniuliza taratibu, kwa heshima kubwa, kama wakati wake umefika.

Nilionyesha pua yangu. Akautazama mrija. Akaitazama mashine inayolia nyuma yangu. Hakuhitaji tafsiri, sisi watu wa mrija ni kabila moja. Akaingiza mkono kifuani, akatoa mkufu, na kwenye mkufu kuna ufunguo wa mtungi. Akapanda ngazi zetu mbili akipumzika katikati, akakaza kichwa cha mtungi, akazungusha ufunguo. *Ssss*. Lita mbili kwa dakika. Mtungi ule una lita kama 680, ningeweza kukaa nao zaidi ya saa tano nikimtukana kila mtu.

Nilivuta, nikavuta, nikavuta. Maneno yakarudi yote kwa mpigo.

"Birika! Maikrowevu! AC! Vyote pamoja! Swichi kuu ndiyo iliyoruka, na haiko kwenye nguzo, iko humu ndani! Chini ya kitanda cha nyuma!"

Mkwe aliyekuwa ameanza kuingia akarudi kinyumenyume mpaka nje. "Chini ya kitanda cha... mama?"

"Ndiyo!"

"Mzee, mimi naona tungoje kupambazuke."

Akatumwa mjukuu. Aliingia uvunguni miguu ikabaki nje, ikasikika *tak* nyingine, AC ikafufuka, mashine yangu ikakohoa na kuanza kazi. Mtoto akatoka na vumbi usoni na ufunguo wa mtungi mkononi. Alikuwa ameiegesha pikipiki yake humo.

Mkwe akamrudishia jirani umeme wake na kumwomba radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Bibi, ambaye muda wote huu alikuwa bado hajanywa chai, akauliza kama sasa anaweza kuliwasha birika. Sote wanaume tukapiga kelele. Yule mzee akacheka mpaka mashine yake ikakosa kujua lini avute lini asivute, kisha akamwambia Bibi kwa ishara alete birika lake kwake.

Akaenda nalo. Alirudi baada ya muda mrefu na chai ya watu watano, na uso wa mtu aliyeona mambo. Huko kwa jirani, akasema, AC ziko mbili na zote zinavuma. Maikrowevu inazunguka. Birika linachemka. Mke wa yule bwana anakausha nywele kwa mashine. Na hakuna kinachoruka!

Nikamweleza kwamba wale wana ampi 50, tena kwa nyaya mbili za volti 120, ukipiga hesabu ni wati 12,000. Sisi tuna 3,600.

Bibi akamimina chai kimya. Akampa mzee wa Kitexas kikombe chake na kitumbua. Kisha akamgeukia mkwe, sauti ya upole kabisa, ile ya posa.

"Mwanangu, kwani na zile za hamsini walikuwa wanakodisha?"

Mkwe akainamisha kichwa akavitazama viatu vyake, na alikuwa pekupeku.