Gari Juu ya Mawe, Lakini Mawe ya Nani?

Januari, tarehe 23. Nimetoka shifti ya usiku, sijavua hata viatu, simu inaita. Jirani wa ghorofa ya chini ananiambia niende nikaone gari la Mzee. Nikashuka na baridi yangu. Gurudumu la mbele limefungwa mnyororo wa njano, kwenye kioo kimebandikwa karatasi kubwa ambayo hata asiyejua Kiingereza angeelewa kwamba haileti habari njema.

Mwenye gari yuko Tanga. Ni mstaafu, mifupa yake imeshakataa majira ya baridi ya hapa Leicester, Uingereza, kwa hiyo kila Novemba anapanda ndege na kurudi Machi. Funguo huniachia mimi. Nikampigia, shikamoo Mzee, marahaba, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, nikasikia kunguru wa kwao wakipiga kelele nyuma yake. Kisha: "Mwanangu, si niliambiwa nikipiga SORN sidaiwi?"

Aliambiwa, ndiyo. SORN ni taarifa unayoipa serikali ya Uingereza kwamba gari umeliweka nje ya barabara, ili usidaiwe kodi yake. Aliambiwa msibani, na mtu ambaye kila mwaka hutuhubiria jinsi anavyopiga SORN gari lake la pili mwezi wa kumi na moja na kurudishiwa kodi yake. Alichosahau kusema mhubiri huyo ni kwamba gari lake linalala ndani ya ua wake. La Mzee linalala barabarani, chini ya dirisha lake, kwa sababu anakaa fleti na fleti haina ua. Ukishapiga SORN, gari halitakiwi kugusa barabara ya umma hata kwa tairi moja, isipokuwa siku unayolipeleka MOT, yaani ukaguzi wa usalama wa gari, uliyokwisha kuiwekea miadi. Ukikamatwa unaliendesha, faini inaweza kufika pauni 2,500. Kuliegesha tu kumetosha kuleta mnyororo.

Sheria imeandikwa, najua. Mzee hakuisoma, nalo najua. Msiniandikie mambo hayo.

Ninachouliza ni hiki. Ng'ambo ya mtaa, mkabala na gari la Mzee, kuna Mwingereza mmoja mwenye gari la wazi juu, la kutembelea jua likiwaka. Oktoba ikiisha analivika turubai, anaingia mtandaoni, dakika tano, kwisha. Hadi Machi halidaiwi senti. Magari mawili hayo yananyeshewa mvua ileile na yanakaliwa na theluji ileile, na betri zote mbili zinakufa polepole. Hakuna hata moja linalosogea. Moja linasamehewa kodi na jingine linadaiwa, na kinachoyatenganisha ni kama hatua kumi na ukuta mfupi wa matofali. Msamaha huu anapewa mwenye uwanja. Asiye na uwanja analipa, na mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo kati ya hao wawili. Ukiwa nacho unaongezewa. Kama hiyo si kodi ya kukosa ua, nipeni jina jingine.

Nitaambiwa Mzee anatumia nafasi ya umma, kwa hiyo ailipie. Haya, nakubali kidogo: ukilifutia kodi kila gari lililolala barabarani, mtaa wetu utageuka gereji ya mikweche, na tayari kuna moja lenye moss kwenye madirisha tangu sijui lini. Lakini nafasi ile Mzee anailipia! Ana kibali cha kuegesha cha mkazi, analipa halmashauri kila mwaka, stika au hakuna stika. Nayo kodi ya gari hawajaipanga kwa ukubwa wa nafasi. Gari lake ni la 2011, na magari yaliyosajiliwa kuanzia Machi 2001 hadi Machi 2017 yanatozwa kufuatana na kiasi cha kaboni yanachotoa. Wenyewe ndio waliosema: lenye moshi mwingi lilipe zaidi. Basi lililozimwa miezi minne lina moshi gani? Wa pumzi za paka anayelala juu ya boneti?

Halafu kuna hesabu ya miezi, ambayo inanikera peke yake. Mzee alitoa taarifa tarehe 3 Novemba, kesho yake akasafiri. DVLA, mamlaka ya magari na leseni, wanarudisha miezi kamili tu, kwa hiyo Novemba ikaliwa. Ili kulitoa gari kwenye mnyororo nikalipia kodi upya tarehe 23 Januari, na kodi inahesabiwa tangu tarehe mosi. Januari nayo ikaliwa. Katika ujanja wote ule Mzee aliokoa Desemba moja. Kwa Desemba hiyo nimetoa pauni 100 za kufungulia mnyororo, na ningechelewa kuonyesha kodi imelipwa ingebidi niweke amana ya pauni 160 juu yake. Bima hakuikata, alhamdulillahi, la sivyo ningekuwa ninaandika makala nyingine.

Mchezo wa miezi huo umekolea tangu Oktoba 2014, walipoondoa kile kikaratasi cha kodi cha duara kwenye kioo. Siku hizi kodi haihami na gari. Ukiuza katikati ya mwezi, wewe unapoteza mwezi, mnunuzi analipa mwezi uleule tangu mosi. Mwezi mmoja, gari moja, kodi mbili. Mtu binafsi akifanya hivyo sokoni anaitwa jina.

Nyumbani Tanzania tulikuwa na balaa letu. Nani hakumbuki gari la mjomba lililokaa juu ya mawe miaka sita chini ya mwembe, kuku wametagia siti ya nyuma, na bado deni la leseni ya gari linapanda kama mkunde? Bajeti ya 2017/18 ikaifuta ada ile ya kila mwaka, ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Gari lisilotembea halinywi mafuta, basi halilipi. Nilishangilia. Shilingi 40 zile ziliwekwa hadi kwenye mafuta ya taa, bibi mwenye koroboi akawa anachangia leseni ya gari asilolijua, na hilo silitetei hata kwa dawa. Lakini kwa gari bovu la mjomba, mambo yalinyooka.

Hapa SORN ilianza 1998, kuwabana waliokuwa wakikamatwa bila kodi wakisema gari halikuwa likitumika. Sawa, wabaneni. Ila sasa kamera zinasoma namba za magari kila kona. Mwenye fleti angeruhusiwa kutangaza gari lake limelala hapo hapo kwenye nafasi aliyoilipia kibali, na siku likionekana barabara kuu, mpige faini mara mbili. Tatu. Mimi mwenyewe nitashika tochi.

Kwa gari jipya kuliko la Mzee, lililosajiliwa kuanzia Aprili 2017, kiwango cha kawaida cha 2025/26 kilikuwa pauni 195 kwa mwaka, yaani miezi minne ni pauni 65. Kuna watakaocheka kiasi hicho. Mzee hacheki, kwake kiasi kama hicho ni begi la pili kwenye ndege.

Jumapili nilivuka mtaa nikamgongea yule Mwingereza. Nikamweleza habari yote, akaenda akapima kwa macho nyuma ya turubai lake, akasema gari dogo linaweza kupenya likiingizwa kinyumenyume. Hataki hela. Nikampigia Mzee, akafurahi mpaka akasahau mnyororo. Ameshauliza kama mtu huyo anakula korosho za chumvi au za kukaanga tu.