Laibrari haipo? Nenda Ngomeni

Jamani leo mtu anisemeshe polepole. Tangu alfajiri nimekaa na hiki kiskrini cha inchi 0.96, kitu kidogo kama kiberiti, waya nne tu, GND, VCC, SCL na SDA, hata mtoto wa chuoni angeziunga. Nataka kinionyeshe saa za maji kujaa na kupwa, basi, maana nimechoka kufika gatini hapa Lamu nikiambiwa maji ya Mkanda, ule mkondo wa boti, yashakwenda.

Nikabonyeza kukompaili, yaani kuigeuza programu yangu iwe lugha ya mashine, kwenye Arduino, programu ya kompyuta ya kuandikia vitu kama hivi. Maandishi mekundu: Adafruit_SSD1306.h, No such file or directory. Haya, ni faili ya laibrari, yaani kodi iliyoandikwa tayari na wengine, nikaishusha. Nikabonyeza tena, sasa haipo Adafruit_GFX.h. Nikaishusha. Tena! Adafruit_I2CDevice.h haipo. Huyu naye ni nani, mimi kwenye programu yangu sijamtaja popote! Kumbe yumo ndani ya laibrari nyingine iitwayo BusIO, na anayemtaka ni GFX. Ni kama kuposa tu, umetoa mahari unaambiwa bado kilemba cha baba, umetoa kilemba, bado mkaja wa mama. Kweli mwanzo iliniuliza kama nataka kushusha zote pamoja nikachagua hiyo moja, nani ana bando ya kulisha ukoo mzima? Na hapo ndipo bando ikaisha. BusIO nikaenda kuomba kwa rafiki kwenye flashi, ya zipu, nikaifungua, nikaitia kwenye folda ya laibrari kwa heshima zote. Haipo!

Nikatoka nje kabla sijavunja kitu. Barazani wazee watatu na kahawa yao.

"Mbona umenuna?"

"Laibrari imepotea, ami."

"Imepotea vipi na mimi nimepita Ngomeni sasa hivi, maktaba i wazi."

"Si hiyo ami, ya kompyuta. Ya Adafruit."

"Ada ushatoa?"

"Si ada, ni jina la kampuni, iko New York."

"Sasa New York wakupe kitu bila ada?"

Wa pili akadakia kuwa Ngomeni, ile ngome kongwe ya Lamu, palikuwa jela mpaka 1984, kwa hivyo kitu kikiingia mle kukitoa si mchezo. Nani kamuuliza? Nikasema ni faili, wazee wangu, mashine yasema faili haionekani, na hilo neno faili ndilo nililokosea, kwa sababu wa tatu, aliyekuwa kimya muda wote, akaweka kikombe chini.

"Faili haipotei. Faili hufichwa." Akaanza na shamba lake, ofisi siitaji, karani huyu kamtuma kwa yule, yule yuko likizo, rudi Jumatatu, Jumatatu mtandao hakuna, nauli ya boti juu yake, chai ya karani juu yake, akazeeka pale kwenye benchi, na mimi nimesimama juani naitikia naam, naam. "Mwisho wajua ilikuwa wapi? Ndani ya faili ya mtu mwingine! Yangu ndani ya yake! We umeangalia ndani?"

Nikamcheka moyoni. Mtu wa mnazi na ng'ombe anifundishe mimi kompyuta.

Nikarudi nikafungua folda ya BusIO. Ndani yake folda nyingine, jina lilelile! Faili zote zimejikunyata humo, na Arduino inachungulia mlangoni tu, haiingii vyumbani. Nikazitoa nje, ikakompaili safi. Mzee simwambii.

Mwadhani imeisha? Skrini giza. Mfano wa programu umeandikwa anwani ya skrini 0x3D, yangu hii ya bei ya chini ni 0x3C, herufi moja saa nzima. Stima ikapotea, ikarudi. Mama akaona shimo la solda kwenye kitambaa cha meza, hayo tuyaache.

Saa kumi ikawaka. Kitu cha kwanza kuonyesha? Nembo ya Adafruit! Si maji yangu, nembo yao! Mzee alisema, ada kwanza. Nikakimbia nacho barazani, ami akakitazama kwa mbali.

"Chasema nini?"

"Maji yanajaa, ami."

Akageuka akatazama pwani, mashua zimelala ubavu matopeni. Hakusema neno, akamimina kahawa.

Saa za maji nitazirekebisha kesho, sasa hata ndani siwezi kuingia. Mwenye huyu punda wa kijivu aliyefungwa kwenye komeo la mlango wangu, na mifuko miwili ya simiti mgongoni, tafadhali njoo umchukue, kichochoro chenyewe ni cha kupita mtu mmoja na nusu.